Gitaa Jekundu la Sikitu

Mwenye gitaa zuri ndiye hulegeza.

Mama yenu amewatupia msemo huo akaenda zake kuanua nguo, nanyi mmekuja kwangu kuuliza umetoka wapi. Kaeni. Tumsifu, vua hizo hedifoni, si za kuvaa mbele ya mtu mzima anapozungumza. Nawe Mbonea, futa machozi. Kununua gitaa la bei ya chini si dhambi, na kaka yako kukataa kurekodi nalo si mwisho wa dunia. Leo miguu yangu imevimba na nimechoka, kwa hiyo nitasimulia polepole. Anayetaka mwisho upesi amfuate mama yenu kwenye kamba ya nguo.

Msemo huu nimeuona ukizaliwa. Ulizaliwa hivi.

Nilipokuwa naishi Kimamba na babu yenu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mzee Kibwana, mpiga gitaa. Alizunguka na bendi za dansi tangu ujana wake, akarudi nyumbani na vitu viwili: mguu wa kulia uliovunjika kwenye ajali ya gari la bendi ukaungwa vibaya, na gitaa zuri. Gitaa hilo lilikuwa na rangi ya asali. Ukilitundika ukutani hata mwezi mzima, ukija kulishusha, nyuzi zake ziko palepale ulipoziacha. Mkewe, Bi Mwamini, alikuwa akisema kwamba katika nyumba ile mvua ikivuja, cha kwanza kufunikwa ni gitaa, cha pili ni unga, na yeye mwenyewe ni wa tatu.

Chumba cha nyuma Kibwana alikifanya studio. Msifikirie studio za kwenye televisheni. Kompyuta ilikuwa imepita mikononi mwa watu wengi mpaka herufi zimefutika. Kipaza sauti kilikuwa cha bei ya chini kabisa, kimezungushwa utepe mweusi shingoni kama mtu mwenye mafua. Ukutani alibandika trei za mayai, na dirisha aliliziba kwa godoro. Godoro hilo lilikuwa langu. Bi Mwamini alikuja kuliomba kwa siku chache tu, tukalala kwenye mkeka kwa muda ambao mimi nimeusahau, ila mgongo wangu unaukumbuka.

Ng'ambo ya njia palikuwa na mashine ya kusaga ya Mzee Lusewa. Ikiunguruma, trei za mayai zote zinatetemeka. Usiku umeme ulikatika kila mara, kwa hiyo Kibwana alirekodi mchana tu, Lusewa alipozima mashine akaenda kuswali na kula. Sisi majirani tulijua: mashine ikinyamaza, usitwange, usimwite mtoto kwa sauti, Kibwana anafanya kazi.

Mwaka huo redio ya wilaya ikatangaza kwamba inapokea nyimbo za wenyeji. Kibwana alikuwa na wimbo aliomtungia mkewe zamani. Aliupiga katika kumbi nyingi, lakini haukuwahi kurekodiwa hata mara moja. Na vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Asubuhi alikuwa akivichovya kwenye maji ya moto kabla ya kushika kikombe. Alijua kwamba wimbo ule usiponaswa mwaka ule, utaondoka na vidole vyake.

Tatizo lilikuwa hili. Wimbo ulitaka magitaa mawili, lake la solo na jingine la ridhimu, la kushika mwendo. "Solo bila ridhimu," alikuwa akisema, "ni mtu anayeongea peke yake njiani." Na ile kompyuta ilikuwa imechoka kuliko sisi sote. Ukiitaka iunganishe sauti mbili zilizorekodiwa mbalimbali, inazima. Ilikuwa lazima wapigaji wawili wakae pamoja na kupiga kwa wakati mmoja. Mpiga ridhimu wake wa zamani alishahama.

Ndipo akaingia Sikitu.

Sikitu alikuwa akishona sare za shule barazani kwake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Gitaa alijifunza kwa kusikiliza dirishani, kabla godoro langu halijaliziba. Siku moja Kibwana alimpa gitaa lake kwa mzaha, acheke kidogo. Sikitu akapiga ridhimu, Kibwana akasahau kucheka.

"Binti, mkono unao," alimwambia. "Sasa tafuta gitaa lako."

Alitafuta. Alidunduliza katika ushonaji wake, akaenda gulioni, akarudi na lile aliloliweza. Lilikuwa jekundu la kung'aa na lilinuka gundi. Wenye maneno yao wakamwita njiani, "Sikitu, hilo ni gitaa au ndoo ya rangi?" Naye akajibu, "Ni ndoo, nakwenda kuchotea wimbo." Alikuwa na ulimi wake, yule binti.

Najua mnataka kuniuliza kama kitu cha namna hiyo kinafaa kununuliwa. Sikilizeni. Asubuhi, kukiwa na ubaridi, lile gitaa liliimba vizuri, na Sikitu alijifunza nalo mambo mengi ambayo asingejifunza kwa kungojea zuri. Jua la Kimamba likipanda, nyuzi zilianza kuteleza. Na ukizikaza mpaka zifike panapotakiwa, kile kibao kinachozishika pale tumboni mwa gitaa kilibanduka. Sikitu alikigandisha kwa gundi, akalaza juu yake jiwe la kusagia viungo mpaka gundi ikauke. Akipiga, kinabanduka tena. Inachosha, wajukuu zangu, kuwa na kitu ambacho sharti ukitibu kabla hujakitumia. Mchana kutwa nilimwona ameinamia cherehani, na jioni ameinamia gitaa na gundi. Sikuwa na la kumsaidia. Nilimpelekea uji.

Siku ya kurekodi ilipofika, nilikuwa pale. Bi Mwamini aliniita nishike mlango usigongwe na upepo, maana kitasa chake kilikuwa kimekufa. Kesho yake asubuhi gari lilikuwa linakwenda mjini, na wimbo ulitakiwa uwemo. Mashine ya Lusewa ikanyamaza. Kibwana akakaa kwenye stuli, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Sikitu akakaa mkabala naye, na gitaa lake jekundu mapajani.

Kibwana akagusa uzi mmoja wa gitaa lake. "Nifuate hapa," akasema.

Sikitu akagusa wake. Ulikuwa chini.

"Juu zaidi."

"Mjomba, likifika hapo linabanduka."

"Binti, wimbo hauko huko chini. Kaza."

Sikitu akakaza. Alizungusha ufunguo taratibu, amefumba macho kama mtu anayetolewa mwiba. Akakaza wa pili, akakaza wa tatu. Kisha tukasikia kraa! Kibao kilikuwa kimeinuka upande mmoja, na gundi ya jana imepasuka kama ukoko.

Kibwana akajipiga paja. "Nilisema! Si nilisema? Hilo si gitaa, hilo ni tenga la nyanya limepakwa rangi. Mtu hununuaje kitu kama hicho?"

Ule ulimi wa Sikitu wa siku ile njiani haukuwepo. Alizilegeza nyuzi haraka, kibao kikarudi chini, akakiwekea kiganja juu kama mtu anayeshika kifua cha mtoto mwenye homa. Halafu akachukua khanga yake, akaanza kulifunga gitaa.

"Nisamehe, mjomba," akasema. "Nina suruali za shule za kumalizia. Tangu leo vidole hivi vitashika sindano tu. Hili nitawapa watoto walichezee."

Hakulia, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa amechoka kupita kulia.

Bi Mwamini alikuwa ameingia na birika la chai. Aliliweka chini.

"Sikitu, kaa kwanza mwanangu." Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Zuhura, nina swali."

"Mama Zuhura, mashine itawaka sasa hivi. Maswali baadaye."

"Ni dogo. Gitaa la huyu likikazwa, linafanya nini?"

"Si umeona? Linavunjika."

"Na lako likilegezwa, linafanya nini?"

Kibwana akamtazama. Akalitazama gitaa lake. "Lilegezwe? Wimbo huu nimeupiga kwa sauti hii tangu nikiwa kijana. Nyuzi zikilegea zinakwaruza, zinapoteza ule mng'aro."

"Sikuuliza mng'aro. Nimeuliza, linavunjika?"

Kibwana akasema kwa sauti ndogo, "Halivunjiki."

"Basi," akasema Bi Mwamini. Akachuchumaa, akaanza kumimina chai, wala hakumwangalia. "Baba Zuhura, tangu uumie, tukienda sokoni tunafika wote pamoja. Unadhani mimi sijui kutembea haraka? Wenzangu wananipita, wanachagua mchicha mzuri, mimi nakuta majani ya chini. Sijawahi kukwambia kaza mwendo. Wewe ukikaza unaanguka. Mimi nikipunguza, kuna ninapovunjika? Hicho kipaza sauti chako chenye mafua tunakivumilia wote. Ni gitaa la huyu mtoto tu ndilo limekosa wa kulivumilia?"

Nilimwona Kibwana akiutazama mguu wake kwa muda, kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Kisha akashika funguo za gitaa lake la asali, akalegeza uzi wa kwanza.

"Nipe sauti yako, binti," akasema.

Sikitu akafungua khanga. Akagusa uzi wake pale ulipokaa bila kuumia. Kibwana akashuka, akashuka tena, mpaka nyuzi zile mbili zikawa uzi mmoja. Wakaenda hivyo hivyo mpaka wa mwisho.

Chai ilikuwa imepoa na muda umekwenda. Nilipochungulia nje, nikamwona Lusewa amesimama uani, amekuja kuuliza kama wamemaliza, maana wateja walikuwa wamejaa na ndoo zao. Alikuwa ameyasikia yote mlangoni. Alinionyesha kwa mkono kwamba waendelee, akarudi kwenye mashine yake, akawaambia wateja mkanda umekatika. Mkanda ulikuwa mzima.

Wakapiga, Kibwana akiimba. Gitaa jekundu likashika mwendo, lile la asali likatembea juu yake. Ni kweli nyuzi zilikwaruza kidogo, na ule mng'aro haukuwepo. Lakini ilipofika sehemu ya juu ya wimbo, pale ambapo Bi Mwamini alikuwa akiinamisha uso kila mara mumewe akifanya mazoezi, sauti ya Kibwana haikupasuka. Ilikuwa imepasuka pale kwa miaka, sisi majirani tulijua, wala hakuna aliyemwambia. Sasa wimbo ulikuwa umeshuka na kumkuta alipo. Aliuimba wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, akimtazama mkewe aliyechuchumaa karibu na birika.

Walipomaliza, Kibwana akalishusha gitaa lake. Kisha akamgeukia Sikitu.

"Kumbe hata mimi nilikuwa nakazwa," akasema.

Wimbo ule ulipigwa redioni asubuhi moja ya Jumamosi. Hawakuupiga mara nyingi. Lusewa alizima mashine foleni ikiwa ndefu, akaweka redio juu ya gunia, na hakuna aliyenung'unika. Mwaka uliofuata vidole vya Kibwana vilikataa kabisa. Sikitu ndiye aliyebaki akipiga, kwa gitaa lilelile jekundu, nyuzi zake zikiwa chini hapo hapo zilipokubali kukaa, akiwafundisha watoto wa jirani akimaliza kushona. Lile jiwe alilirudisha jikoni.

Lakini msemo ulianza kwa Lusewa. Siku moja kijana alikuja kwa pikipiki kusaga, akataka kumtangulia bibi mmoja aliyetembea kutoka mbali na debe kichwani. Lusewa akamrudishia gunia lake, akamwambia, "Ngoja kidogo. Mwenye gitaa zuri ndiye hulegeza." Kijana hakuelewa, ila wanawake wote wa foleni walielewa, maana Lusewa alishawasimulia, wakacheka, wakaenda na msemo huo majumbani. Kutoka hapo mkwe akamwambia mkwe, mke akamwambia mume, mpaka leo mama yenu amewaambia ninyi.

Kwa hiyo Mbonea, gitaa lako si la kuonea haya. Jua linachoweza na lisichoweza, usilivunje kwa kulilazimisha. Na wewe Tumsifu, hizo mashine zako nzuri za kurekodia, sikwambii uzifanye nini. Umesikia.

Sasa inatosha. Koo limekauka na baridi inaingia. Nishikeni mkono mmoja huku na mmoja huku, twendeni ndani. Polepole, Tumsifu. Polepole, baba. Mimi nikikaza naanguka, nanyi miguu yenu ni mizima.

Ndiyo hivyo. Hapo hapo.

Mwenye gitaa zuri ndiye hulegeza.