Nani Alimpandisha Mwanahawa Kilimani?

Sikilizeni kwanza, ubishi mtaufanya baadaye.

Huko milimani Lushoto walikuwapo watu watatu. Bibi Kiondo hakujua kumpenda mtu bila kumjazia sahani. Saguti, muuza chipsi, aliweza kumuuzia hata aliyetoka kula. Na Halima, mtoto wa jirani, miguu yake haikujua kutulia.

Mjukuu wa Bibi, Mwanahawa, aliugua saratani ya damu akiwa mdogo. Alitibiwa miaka mitatu, akapona. Dawa zilikuwa zimemzidishia njaa, na kwao mgonjwa akinenepa ndio kapona, basi kila mtu akamlisha. Akanenepa mpaka kilima cha shule kikamshinda, baba yake akawa anampeleka kwa pikipiki. Daktari akasema, "Saratani imeondoka. Sasa tuulinde moyo. Ale vizuri, na atembee."

Baba akaweka nadhiri: siku Mwanahawa atakapopanda kilima kwa miguu, mtu mmoja aliyemwezesha atapewa jogoo mwekundu.

Bibi Kiondo akaficha karai la maandazi. Akapika mchicha na maharage, mafuta akipima kwa kijiko. "Nimelea watoto saba bila kupima," alinung'unika, "uzeeni ndio naanza shule."

Saguti, kila Mwanahawa alipomjia jioni, alifunika kikaango. "Wewe ndiye mteja wangu mkubwa, mdogo wangu, lakini sikuuzii. Chukua chungwa."

Halima naye aliacha kukimbia. Wiki ya kwanza walitembea pamoja hadi kona ya kwanza, kisha pikipiki ikamchukua mwenzake. Yeye akachelewa, akafagishwa darasa. Wiki ya pili wakafika kona ya pili, akafagia tena.

Kabla muhula haujaisha, Mwanahawa alifika juu kabla ya kengele, akihema na kucheka. Baba akalia mbele za watu, wala hakuona haya. Akamleta jogoo.

"Ni jiko langu," akasema Bibi.

"Shikamoo, Bibi, lakini sahani yangu moja kila jioni ingeharibu kazi yako yote," akajibu Saguti.

"Na hicho chakula kingempandisha akiwa amekaa?" akauliza Halima.

Mwanahawa akamkumbatia jogoo. "Na ile njaa, nani aliivumilia?"

Baba amekwama mpaka leo. Msiniambie achinjwe wagawane, nadhiri ilitaja mtu mmoja. Haya, jogoo huyu ungempa nani?