Mgolole Mmoja, Mabega Matatu

Haya, sogeeni karibu, na mwenye simu aizime kidogo, maana kisa hiki kinataka masikio yote mawili.

Huko Usangi, juu kwenye milima ya Upare, aliishi mfinyanzi aitwaye Nakijwa, mjane mwenye watoto watatu wazima. Elieza, wa kwanza, alikuwa mwalimu, na macho yake yakituama mahali hayang'oki. Darasani kwake hakuna aliyethubutu kuibia mtihani. Nakundwa aliuza ndizi sokoni, na ulimi wake haukujua kupumzika: aliongea na wateja, na mbuzi, hata na mizani. Mbazi, kitindamimba, alikuwa mtu wa kuwazawaza. Ukimtuma chumvi anarudi na kiberiti, tena amefurahi, kwa kuwa njiani amebuni jambo.

Siku moja Nakijwa alikuwa akikanda udongo, akaanguka kama gunia. Kiharusi. Alipozinduka hospitalini alisikia kila kitu, lakini hakuweza kuinua kidole wala kutoa sauti. Alimsikia Dakta Sifuni, mama mpole, akiwaambia watoto wake: "Macho yamefumbuka, ila kuwa macho ni jambo moja na kujitambua ni jingine. Sijaona dalili kwamba yumo."

"Nimo!" Nakijwa alipiga kelele. Kelele ziliishia humo humo kichwani.

Shemeji yake, Mzee Senzota, akasema mbele yake kabisa, "Huyu ameshaondoka. Tukubali mpira wa chakula utolewe, apumzike."

Kuna lililomtisha Nakijwa kuliko hata hilo. Mawazo yake yalitangatanga, mara yuko shambani kwenye tangawizi, mara ni msichana anateka maji, kisha yanadidimia mahali pa giza ambapo alisahau hata jina lake. Kila alipozama, sauti moja ilimvuta. Ilikuwa ya Nakundwa. Kila siku alikuja, akaketi, akamwaga habari zote za soko, nani kagombana na nani, nani kaozesha binti.

"Dada, unaongea na ukuta," muuguzi alimhurumia.

"Basi ukuta huu ndio ulionizaa," Nakundwa akajibu, akaendelea. Nakijwa aliishika sauti ile kama mtu aliyetumbukia kisimani anavyoshika kamba, akarudi.

Elieza yeye alivuta kiti, akautazama uso wa mama yake mpaka chai ikapoa mkononi, na kesho yake akautazama tena. Ikatokea Nakundwa anasimulia jinsi baba yao alivyokuja kuposa, akakosea, akasema alileta mbuzi, kumbe alileta mtungi wa asali. Nakijwa akakasirika, nguvu zake zote zikakimbilia machoni. Mboni zikapanda juu.

"Rudia hapo," Elieza akasema.

Nakundwa akarudia. Mboni zikapanda tena.

"Mama yumo!"

Dakta Sifuni akaja mbio, akatazama kwa makini, akashusha pumzi. "Natamani iwe kweli, mwalimu. Lakini macho huchezacheza yenyewe. Nipeni jambo ambalo haliwezi kuwa bahati tu."

Mbazi, kando yao, hakuwa nao kimawazo. Alikuwa amekodolea macho dirisha, akili yake iko nyumbani enzi za utoto, mama anaficha vitu, wao wanatafuta, mama anacheka. Nakijwa aliujua uso ule. Miaka yote alikuwa akiukemea.

"Mbazi! Umemsikia daktari?" Elieza akafoka.

"Mgolole wa baba," Mbazi akasema, kama anayeota.

"Mgolole gani tena?"

"Lile shuka lake la heshima. Baba alipofariki mama aliuficha, na hakuna kati yetu anayejua ulipo. Tumwulize yeye. Akipandisha macho ni ndiyo. Tukiukuta, nani atasema ni bahati?"

Wakaanza. Chumbani? Macho yakatulia. Jikoni? Yakatulia. Bandani kwa vyungu? Yakapanda. Ndani ya chungu kikubwa? Yakapanda, yakabaki huko huko juu. Elieza akaenda nyumbani, akarudi ameukumbatia mgolole, unanuka moshi na udongo.

Dakta Sifuni akamshika Nakijwa mkono. "Nisamehe, mama. Karibu tena kwetu." Machozi yakamteremka Nakijwa, na safari hii hakuna aliyesema macho yanacheza yenyewe. Mzee Senzota, aliyekuwa akishuhudia pembeni, akatoka nje, hakuaga.

Mazoezi yalikuwa marefu na yenye maumivu. Sasa Nakijwa anaketi, anasema maneno machache, na mkono mmoja umerudia kufinyanga vikombe. Juzi akawaita wanawe, mgolole uko magotini.

"Baba yenu… aliniusia," akasema polepole. "Avishwe mmoja. Aliyeiokoa nyumba hii. Usikatwe."

Nakundwa hakungoja. "Bila mimi mngemkuta nani humo ndani? Macho ya nani yangepanda?"

"Ulimshikilia, sikatai," Elieza akasema. "Lakini asingeonekana, tungemzika na habari zako za soko masikioni." Kisha akamtazama Mbazi aliyesimama mlangoni, anaangalia mawingu. "Na huyu asingepotelea dirishani, nilichokiona kingeitwa bahati mpaka leo."

Nakijwa aliwatazama mmoja mmoja. Watu wa namna hii, wote watatu, wametoka tumboni mwake! Akaukunjua mgolole kwa mkono wake mzima, akauinua hewani, na hapo mkono ukakwama.

Aliyemshika asizame, aliyemwona, au aliyepata njia ya kumthibitisha? Msiniangalie mimi, mimi ni msimulizi tu. Wewe uliyesikiliza, mkono ule ungekuwa wako, ungeuweka mabegani mwa nani? Na wale wawili ungewaambia nini?