Nani Alikuminyia Breki?

Mfano huu nilisimuliwa kwanza na baba yangu mkubwa, mzee Luhwago, fundi wa pikipiki. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye benchi la karakana yake namnyonyesha mtoto, nimenuna. Aliusimulia huku anafuta spana kwa tambara, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, karakana ikinukia petroli na viazi vya kuchoma. Leo akina mama wa jumuiya mmenipa zamu ya kuleta neno. Sina lingine, nitawapa hili.

Kulikuwa na fundi mmoja aliyeishi juu mlimani na mama yake. Alikuwa na pikipiki ya magurudumu manne, ile ya kupita matopeni, aliyoinunua kuukuu kutoka shamba la chai. Aliibebea maziwa ya majirani, mbolea, hata wagonjwa. Lakini breki zake zilikuwa za dramu, zile za zamani zinazobania ndani ya gurudumu. Masika zikiingia maji hazishiki. Kushuka mlima ule ilikuwa kumwomba Mungu na kuweka gia namba moja.

Mama yake macho yalikuwa yameingia ukungu. Kila mwaka madaktari wa macho walifika kwa siku tatu katika hospitali ya bondeni, kuwatoa watu mtoto wa jicho. Mama alisubiri mwaka mzima. Alisema, "Nataka nione sura za wanangu. Sauti zenu nimezichoka."

Kwenye bodaboda hakuweza kupanda kwa sababu ya nyonga. Kwa hiyo fundi aliagiza kutoka mjini seti ya kubadilishia breki, atoe zile za dramu aweke za diski. Boksi lilifika siku ileile madaktari walipoanza kazi. Fundi akasema, leo nafunga, kesho tunashuka.

Kufunga vyuma hakukumsumbua. Alitoa dramu, akaweka sahani mpya zinazong'aa, akakaza vibanio vyake, akaunganisha mipira ya mafuta mpaka kwenye mkono wa breki. Lakini breki za mafuta zina jambo lake. Upepo ukibaki ndani ya mpira, ukiminya unaminya upepo, na pikipiki haisimami. Kuutoa ule upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anaminya mkono wa breki na kushikilia, huku anaangalia kikombe cha mafuta kisikauke. Mwingine ameinama gurudumuni, anafungua skrubu ndogo, upepo unatoka, anafunga, ndipo anasema, "Achia."

Miaka yote aliyemminyia fundi huyu alikuwa mdogo wake. Walifanya kazi wakiimba nyimbo za kwaya, kaka sauti ya tatu na mdogo sauti ya nne, na watu walipita njia ile makusudi wawasikie. Lakini mwaka huo walikuwa hawasemezani. Waligombania mpaka wa shamba la miti ya mbao, hatua mbili tu. Mdogo alikaa ng'ambo ya korongo, na kaka aliuona moshi wa jiko lake kila asubuhi.

Je, alimwita? Hakumwita. Alikata mpira wa tyubu, akaufunga kwenye mkono wa breki, ushikilie badala ya mtu. Ndugu zangu, ni nani anayefunga mpira mahali pa ndugu yake? Tupo wengi.

Mpira ulishikilia, ndiyo, lakini mpira hauna macho. Kila alipoinama gurudumuni, kikombe kilikauka, breki ikavuta upepo mwingine. Siku ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha. Jioni akagundua kwamba akiminya mara tatu harakaharaka, breki inashika. Akasema, inatosha.

Siku ya tatu, ya mwisho, alimpakia mama yake asubuhi. Walipofika juu ya mteremko mama akasema, "Simama kwanza." Akasimama.

"Umeminya mara ngapi?"

"Mara moja, mama."

"Mimi ni kipofu, si kiziwi. Nimesikia tatu." Mama akapeleka mkono mbele, akapapasa, akaminya mwenyewe. "Laini kama ndizi iliyoiva. Nani alikuminyia?"

Fundi akageuza uso upande wa korongo.

"Baba yenu akitengeneza lori la misheni, mimi ndiye niliyepanda kukanyaga breki, wewe ukiwa titini. Yeye yuko chini ya lori anapiga kelele, 'Kanyaga mke wangu, usiachie mpaka niseme.' Hata tukinuniana, nilikanyaga. Lori lilijuaje kama tumenuniana?"

"Mama, tutachelewa."

"Basi kimbia kamwite mdogo wako."

Mama akashuka, akakaa juu ya jiwe. Hakushawishika.

Fundi akavuka korongo. Mdogo wake hakuwa nyumbani, alikuwa mbali anapunguza matawi ya miti. Jua lilikuwa kichwani alipompata.

"Umekuja kupima hatua zako?" mdogo aliuliza bila kugeuka.

"Nimekuja uniminyie breki. Mama yuko juu ya mteremko, anasubiri kupelekwa hospitali."

Mdogo akatupa panga, akatangulia mbio. Juu ya mteremko akashika mkono wa breki, na fundi akatoa spana na mafuta chini ya kiti, akainama gurudumuni.

"Minya."

"Nimeminya."

"Shikilia."

"Nimeshikilia, kaka."

"Achia."

Kwenye gurudumu la kwanza walisema hayo tu. Kwenye la pili, mdogo akaanza kuguna ile sauti ya nne, polepole, na kaka akaitikia. Breki ikawa ngumu kama jiwe. Wakashuka wote watatu, mdogo amemkumbatia mama kwa nyuma, mlima mzima wanaimba kama zamani.

Mwisho mwema, siyo? Hata mimi nilidhani umeishia hapo. Nikamwambia baba mkubwa asante. Akasema, kaa.

Walifika hospitalini saa tisa. Madaktari walikuwa wameondoka saa nane. Palikuwa na mtu mmoja anafagia uwanja.

"Mbona hakuna foleni?" mama aliuliza.

Akapapasa, akashika uso wa huyu, akashika uso wa yule, akakuta nyuso zote mbili zimelowa machozi. Akasema, "Ninyi mmepatana, nashukuru. Mimi nitawaona mwakani."

Mwaka uliofuata madaktari walirudi. Mama hakuwepo tena.

Ndugu zangu, tumezoea kuambiwa kwamba kinyongo humuumiza anayekibeba. Lakini wale wawili walirudishiana undugu wao, hata nyimbo zao. Aliyepoteza ni aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa na hatua hata moja kwenye shamba lile. Sisi tunanuniana na dada, na jirani, na mama mkwe, tukisema ni jambo la kati yangu na yeye. Je, ni kweli? Geuka uangalie. Nani umempakia? Kuna mtoto anauliza kwa nini siku hizi hatuendi kwa shangazi. Kuna mzee anasubiri tumalize. Na sisi tunapeana mikono kanisani kwa vidole viwili, tunasema inatosha. Haitoshi. Mteremko haukupi nafasi ya kuminya mara tatu. Kama ni kumwita, tumwite leo, kwa sababu hatujui anayetutegemea amebakiwa na saa ngapi.

Nilipousikia mfano huu nilikuwa na mwezi wa nne siongei na wifi yangu, kwa neno alilosema juu ya mtoto wangu kuchelewa kutembea. Kesho yake asubuhi, kabla sijakoka moto, nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda. Nilimkuta nyuma ya nyumba anafua, anahangaika kukamua blanketi peke yake. Nikashika upande wa pili, tukakamua.