Kitambaa Cheupe cha Fundi Ngoda

Hapo zamani, na msinitolee macho, sisemi zamani ya mababu zenu, nasema zamani ya juzijuzi, presha na sukari zimeshaingia mjini, palikuwa na zahanati moja katika mji mdogo. Jina la mji nalificha. Nina kadi ya huko, na bado naumwa.

Zahanati ile ilikuwa na daktari mmoja, mlango mmoja na benchi moja refu. Ukifika unakaa mwisho wa benchi, na kila mmoja akiingia kwa daktari, wengine mnasogea. Lakini huwezi kukaa kwenye benchi bila kadi ya namba, na kadi za namba zilikuwa kwa Bi Mwanakombo wa mapokezi.

Nikisema zilikuwa kwake napunguza. Alikuwa amezikalia. Wallahi, aliziweka kwenye kiti, akatandika mto, akakaa juu yake. Kupata kadi lazima Bi Mwanakombo ainuke, na Bi Mwanakombo hakuinuka kwa ugonjwa asioupenda.

Kazi yake ilikuwa kugawa kadi. Nani alimwambia atibu? Hakuna. Lakini akija mtu anakohoa, "Kikohozi si cha daktari. Acha sigara. Mwingine!" Akija mama mgongo unamuuma, "Mgongo si wa daktari. Badilisha godoro. Mwingine!" Na ugonjwa wako ilikuwa lazima uutangaze kwa sauti, benchi zima lisikie. Ukinong'ona anakwambia, "Sema! Hapa hatuposi mtu."

Basi siku hiyo akaja Fundi Ngoda, mshona kanzu, mtu mzima mwenye heshima zake na kofia yake ya kushonwa kwa mkono. Tangu jana yake jioni mkojo ulikuwa umemgomea. Hata tone. Usiku kucha hakulala, tumbo la chini limevimba, jasho linamtoka. Wewe unayecheka huko nyuma, subiri, na wewe utazeeka.

Akafika dirishani akiwa amejiandaa kusema. Akageuza shingo. Mwanzoni kabisa mwa benchi, namba mbili mkononi, zamu yake ndiyo inayofuata, amekaa nani? Bi Mwanaidi. Mama mkwe wake! Mama mzazi wa mkewe!

Mnaujua ukwe wa watu wale. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali sahani moja, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mwenzake apite. Fundi akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama." Bi Mwanaidi akavuta kanga usoni, akauitikia ukuta. "Marahaba, baba."

"Unaumwa nini?" akauliza Bi Mwanakombo.

Haya, niambieni. Mbele ya mama mkwe utasemaje kitu kama kile?

"Kichwa," akasema Fundi.

"Kichwa si cha daktari. Kalale. Mwingine!"

"Na jino."

"Jino si la daktari. Mng'oaji anakuja Jumanne. Mwingine!"

"Na kifua, bibi, kifua kinabana."

"Kifua si cha daktari. Umekula mihogo mikavu. Mwingine!"

Fundi akajikaza. Akashuka mpaka pale heshima ilipomruhusu kushuka. "Tumbo," akasema.

"La juu au la chini?"

Akaitazama ile kanga mwanzoni mwa benchi. Jasho likamtiririka. "La katikati."

"Aaa! Ungesema mapema. Tumbo si la daktari. Tumbo ni la maji!" Akaagiza jagi la maji la pale mapokezi, likajazwa. "Kunywa nikuone."

Maji! Jamani, maji, kwa mtu aliyeziba! Fundi angekataa. Lakini ukibishana na Bi Mwanakombo siku hiyo umejifukuza mwenyewe, na zahanati nyingine iko ng'ambo ya mlima. Akanywa. "Ongeza," akasema Bi Mwanakombo. Akaongeza. "Sasa zunguka zunguka hapo nje, likishuka utaniambia."

Akazunguka. Akaenda chooni, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Alikuwa anatembea miguu imebana, uso umepauka kama unga wa muhogo, anasema "Ya Rabi, ya Rabi." Na humo moyoni akaweka nadhiri: "Nina kitambaa cheupe cha tetroni nilichokiweka kwa kanzu yangu ya Idi. Yeyote atakayenitoa katika kaburi hili, namshonea yeye."

Nadhiri ni deni. Kumbukeni hilo.

Getini alikaa mlinzi, Mihambo, Mnyamwezi. Fundi ni Mzigua. Basi hawa wawili ni watani, wakikutana ni matusi na vicheko, na mtani hakasirikiwi. Kiti cha Mihambo kilitazamana na choo. Alipomwona Fundi anaingia na kutoka, anaingia na kutoka, akatega sikio. Akaelewa. Na badala ya kwenda kumnong'oneza mtu, alifanya nini? Alisimama katikati ya uwanja, akapaza sauti kama muuza samaki:

"Bi Mwanakombo! Huyu mtani wangu haumwi kichwa wala tumbo! Mkojo umemgomea! Anaingia chooni, nasikiliza, kimya! Choo kile hata mjusi akipita unamsikia! Mpe kadi, la sivyo leo Wazigua wananipikia pilau la matanga!"

Benchi likapasuka kwa kicheko. Fundi Ngoda alitamani ardhi ifunguke immeze. Alifunika uso kwa kofia yake, na nawaambieni kweli, alilia. Mtu mzima yule, alilia.

Na Bi Mwanakombo? Mlidhani atainuka? "Mihambo," akasema, "kazi yako ni geti. Tangu lini mlinzi akapima wagonjwa? Kila mtu na mipaka yake!" Mnamsikia? Nyani haoni kundule.

Sasa mtazameni Bi Mwanaidi. Kadi ya namba mbili anayo mkononi. Mkwewe anakufa hatua chache kutoka pale. Najua mnachotaka kusema: si ampe kadi? Lakini akimpa kadi, amekiri kwamba amesikia. Na mama mkwe hasikii mambo kama yale. Hata yakitangazwa kwa spika, hasikii. Akawaza, akakunja kadi kwenye pindo la kanga. Kisha akasema "Yalaa!", akaanguka.

Kuanguka kwenyewe kulikuwa kwa ubavu, taratibu, mahali pakavu, baada ya kubana kanga vizuri miguuni. Lakini benchi zima likapiga ukunga. "Bi Mwanaidi amekufa! Daktari! Daktari!"

Daktari alikuwa ndani anamshona kidole bwana mmoja aliyejikata kwa panga. Akaacha sindano inaning'inia, akatoka mbio. Akamwinamia bibi. Bibi, macho kafumba, akanong'ona, "Si mimi, mwanangu. Ni yule mwenye kofia. Na usimwambie kama nimesema."

Daktari akageuka, akamwona Fundi kajikunja kama jongoo. Hakuuliza kadi. Alimshika mkono, akamwingiza, akamwekea mpira wa kutolea mkojo. Punde benchi likasikia sauti ikitoka ndani kwa kishindo: "Alhamdulillahi!" Na benchi zima, bila kupangana, likaitikia.

Kisha daktari akamwambia, "Fundi, yale maji yalikuwa kosa kubwa, kibofu kilikaribia kupasuka. Lakini na wewe, kama maumivu yangekuwa ya kuvumilika ungekwenda nyumbani ukajilaza kwa aibu yako, na figo zingekufa kimyakimya. Wapo ninaoletewa hivyo, wamechelewa."

Bi Mwanakombo alikuwa ameegemeza sikio mlangoni. Alisikia yale ya mwisho tu.

Fundi akarudi kibarazani kwake anakoshonea, mpira bado uko ndani ya kikoi, kaambiwa arudi baada ya wiki atolewe. Mdomo haukunyamaza, akaisimulia ile nadhiri. Kufumba na kufumbua mji mzima umejua, na wenye madai wamefika.

Wa kwanza Mihambo. "Mtani, kitambaa changu. Nishonee koti nikalie getini. Mimi ndiye niliyesema ukweli. Bila mimi ungekufa na jagi la maji tumboni, na siri yako mkononi."

"Ulinivua nguo mbele ya mkwe wangu!"

"Nilikuvua nguo, ndiyo. Wewe ulitaka kuzikwa nazo?"

Wa pili Bi Mwanaidi. Hakuingia kibarazani, angeingiaje? Alikaa nje, mgongo kaupa mlango, akawa anauambia ule mwembe wa jirani. "We mti, mwambie baba huyo. Mlinzi alisema, sawa, nani alimsikiliza? Watu walicheka tu. Aliyemtoa daktari ndani ni nani? Mimi, kwa umri huu, nikalala chini mbele za watu kama mlevi. Nataka gauni la Idi."

"Uongo huo!" akadakia Bi Mwanakombo, aliyekuja wa tatu na mto wake kwapani. "Na kadi namba mbili ulikuwa nayo pindoni! Ungenyoosha mkono tu. Ukamwacha mtu wa watu na sindano inaning'inia kidoleni. Kidole kile kimetunga usaha!"

"We mti," akasema Bi Mwanaidi, "mwulize huyo, alikuwa amezikalia kadi ngapi?"

Bi Mwanakombo hakutikisika. "Fundi, nisikilize. Siku ile ungepewa kadi ya mwisho, ungekaa mbali kwenye benchi, na kwa aibu yako ungeingia kwa daktari ukasema kichwa. Ungepewa vidonge, ukaenda kulala, ukafa. Mimi ndiye niliyekunywesha mpaka aibu ikashindwa! Daktari mwenyewe kasema. Bila jagi langu mlinzi angeona nini? Na bila mlinzi huyu bibi angeangukia nini? Nishonee koti jeupe, refu, la mifuko miwili mbele."

"Kama la daktari?" akauliza Fundi.

"Kama la daktari. Mapokezi pana baridi."

Lo! Mihambo alicheka mpaka akakaa chini. Fundi hakucheka. Alipeleka shauri kwa daktari, daktari akasema, "Mimi natibu, sihukumu." Alipeleka kwa mkewe, mkewe akasema, "Ukimnyima mama yangu, kitanda chako hiki hapa peke yako." Fundi akachukua mkasi, akatandaza kitambaa.

Na msiniambie akigawe mara tatu. Tetroni ile ni vazi moja. Ukiigawa mara tatu umeshona leso.

Akimshonea mtani, amemlipa aliyemwaibisha hadharani, aliyeweza kunong'ona akachagua kupiga kelele. Akimshonea mama mkwe, amelipa uongo, na kidole cha mtu kimeoza kwa ajili yake, na tena, enyi wenye akili, nani atakayempima mama mkwe kiuno? Akimshonea Bi Mwanakombo, amemlipa aliyekaribia kumpasua, na kuanzia siku hiyo wagonjwa wote tutamkuta pale dirishani na koti jeupe. Lakini mwondoe mmoja tu kati ya watatu hawa, mmoja tu, na Fundi Ngoda tungekuwa tumeshamlia pilau la matanga.

Sasa wiki imekwisha. Kesho asubuhi Fundi anarudi zahanati kutolewa mpira. Mihambo atakuwa getini. Bi Mwanaidi kauambia ule mti kwamba na yeye ana miadi kesho, atakuwa kwenye benchi. Na Bi Mwanakombo atakuwa ametandika mto wake, amekaa, na kadi ziko chini palepale.

Mkasi uko mkononi, umeshafunguliwa. Haya, nyinyi mnaojua kila kitu, na wewe uliyekuwa unacheka huko nyuma, semeni harakaharaka kabla hakujakucha: kitambaa kile, Fundi amkatie nani?