Ruhusa ya Kunyamaza

Ndugu zangu, naomba radhi mapema. Aliyenisimulia hadithi hii aliisimulia vizuri mpaka watu wakainamisha vichwa. Mimi nikisimulia, watu huniuliza kama nimemaliza ili wakanywe chai. Nivumilieni hivyo hivyo.

Huko Mbinga, kwenye milima ya kahawa, aliishi mshereheshaji mmoja, Thadei Ndunguru. Harusi ni yeye, kipaimara ni yeye, mnada wa mbuzi wa kigango ni yeye. Alikuwa na sauti kubwa kiasi kwamba kipaza sauti kilikuwa kinamsindikiza tu.

Kwaresima ilipokaribia, Thadei alimwendea Padre huku anahema kwa furaha.

"Padre, nataka kufanya mafungo ya kimya! Nyumbani kwangu! Wiki nzima sisemi na mtu!"

Padre alivua miwani. "Wewe?"

"Mimi! Nimeongea maisha yangu yote, Padre. Safari hii nataka nisikie."

Padre akaona mtu hatanii. "Vema. Lakini huku kwetu, mtu akikupita bila salamu amekutukana. Kwa hiyo kabla hujaanza, mpitie kila mtu ambaye hutamsalimu, umwombe ruhusa. Akikataa hata mmoja, huanzi."

"Hilo tu? Padre, hesabu kuwa nimeshaanza!"

Basi maandalizi yakapamba moto. Thadei alihamisha magunia ya mahindi kutoka stoo, akapiga deki, akaweka meza, msalaba, mshumaa na Biblia. Redio akaiviringisha kwenye kanga, akaipandisha juu ya kabati. Mbuzi akamvua kengele. Jogoo naye akapewa onyo la mdomo.

Mezani akaanza mazoezi ya ishara. Akasugua vidole juu ya sahani, maana yake chumvi. Mkewe, Mama Kizito, akamletea sabuni.

"Chumvi, mwanamke! Chumvi!"

"Sasa baba, si ungesema?"

"Ndiyo maana tunafanya mazoezi!"

Kisha akaingia mtaani kuomba ruhusa. Ndugu zangu, hakuna mtu aliyewahi kupewa ruhusa kwa haraka kama ile.

"Wiki moja tu?" aliuliza muuza duka. "Chukua mbili, bwana, usijibane."

Katekista alimkumbatia. Jirani wa bondeni, bibi mmoja mgonjwa wa presha, aliinua mikono juu: "Mungu anajibu sala, jamani!" Thadei alicheka kuliko wote. Akarudi nyumbani anaruka mitaro kama kijana.

"Mama Kizito, nimemaliza! Wote wamekubali! Jumatano ya Majivu naingia!"

Mkewe alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Bado mmoja."

"Nani tena?"

"Dada yako."

Furaha ikamtoka Thadei usoni. Dada yake mkubwa, Auleria, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, aliishi upande wa pili wa uzio. Walikuwa hawasemeshani tangu harusi ya Tekla, binti wa Auleria. Wakikutana njiani, kila mmoja alikuwa anapata ghafla kitu cha kutazama kwenye migomba.

"Yule hana haja ya kuombwa," Thadei akasema. "Kwani namsalimu?"

"Padre alisema kila mtu ambaye hutamsalimu."

Thadei akakaa. Akasimama. Akakaa tena. Mwisho akazunguka uzio, akapiga hodi. Auleria alikuwa uani, anaanika kahawa.

"Shikamoo, dada."

Marahaba haikuja.

"Nimekuja kuomba ruhusa," Thadei akasema, sauti imekuwa ndogo kama si yake. "Naingia mafungo ya kimya. Sitakusalimu wiki nzima."

Auleria akaacha kahawa. "Hutanisalimu?"

"Ndiyo, dada."

"Thadei, hayo mafungo mimi nimo ndani tangu harusi ya mwanangu. Wenzangu ndiyo kwanza unawaomba ruhusa. Mimi uliniomba lini?"

Thadei akafungua mdomo atoe utani. Utani ulikuwapo, tena mzuri. Lakini akautazama uso wa dada yake, akaumeza.

"Ruhusa sitoi," Auleria akasema. "Kaa hapo."

Akakaa kwenye kigoda. Na dada akasema yote.

"Siku ile nilipokuja mbele kucheza na zawadi yangu, ulisema nini kwenye kipaza sauti? 'Mama wa bibi harusi, viatu hivyo umeazima kwa nani, mbona vinakukimbia?' Ukumbi ukacheka. Mdogo wangu, viatu nilikuwa nimeazima kweli. Na mwenye viatu alikuwa meza ya mbele. Nilimaliza harusi ya mwanangu wa pekee nimeficha miguu chini ya meza. Wenzangu wanacheza, mimi nimekaa. Nikasema huyu kesho atakuja. Hukuja."

Thadei hakujitetea. Hakukatiza. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, mtu aliongea mbele yake mpaka mwisho. Machozi yakamshuka, akayaacha.

"Nisamehe, dada. Sikujua. Na nilipoona umenuna, nikaona aibu kuja kuuliza."

Auleria akarudi kwenye kahawa yake. Akaigeuzageuza kwa mkono.

"Marahaba," akasema.

Thadei alirudi nyumbani taratibu, hana neno. Mkewe akashtuka.

"He, baba! Kimya si kinaanza Jumatano? Mbona umeshaanza?"

Thadei akatabasamu, macho mekundu.

"Kimya kimekwisha leo, Mama Kizito. Jumatano naanza sala."

Funzo: Kabla hujamnyamazia mtu kwa ajili ya Mungu, hakikisha hujamnyamazia tayari kwa ajili ya kiburi chako.

Watumieni wote muwapendao, makundi yote, msibakize hata moja! Mimi naishia hapa. Mke wangu ameketi pembeni yangu, ananiuliza jambo tangu nilipoanza kuandika, nami sijamjibu kwa sababu niko bize kuwafundisha ninyi.