Alama ya Kishindo

Ngano hii nilipewa na shangazi yangu Mwanamisi, jioni ile binti yangu Saumu aliporudi kutoka mazoezini, walikopimwa kuruka kwa kugusa ukuta, na chaki vidoleni, akasukuma sahani, asile. Nami nawapa ninyi, wakubwa kwa wadogo.

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu!

Tumesogea, tupe!

Hapo zamani za kale, wanyama walikaa kando ya mto. Kila kiangazi mto ulikauka, likabaki tope. Upande wa pili kulikuwa na majani mabichi. Upande huu, vumbi na simba.

Kabla ya kuvuka, watoto walipimwa. Mtoto alipakwa majivu puani, akasimama chini ya jabali, akaruka. Pua ikagusa jabali, ikaacha alama. Alama ya juu, miguu ina nguvu, mtoto atavuka. Alama ya chini, mtoto atabaki. Mpimaji alikuwa Komba, kwa kuwa yeye aliwashinda wote kwa kuruka.

Akaja mtoto wa Swala. Pwiii! Alama juu.

Akaja Kishindo, ndama wa Mama Nyati. Shingo nene, miguu kama magogo. Akaruka. Tii! Alama yake ikawa chini ya zote.

Wanyama wakacheka. "Huyo ameruka au amejikwaa?"

Fuko akatoka shimoni, udongo kichwani. "Nani huyo? Amesukuma ardhi hata dari yangu imeanguka! Miguu hiyo ina nguvu, jamani."

"Nyamaza, Fuko," Komba akasema. "Wewe kipofu, alama utaionea wapi?"

Mama Nyati akapiga magoti. "Bwana Komba, mwanangu akibaki, simba watamla."

"Basi mpunguze, mama. Mwili ndio unaomvuta chini. Mwezi ukiandama nitampima tena."

Mama Nyati akampunguza. Kishindo akija kunyonya, mama anageuka. Kishindo akiinamia majani makavu, mama anamwita.

"Mama, nina njaa."

"Ruka, mwanangu."

"Mama, nina njaa."

"Ruka kwanza, baba."

Mwezi ukaandama. Kishindo akapakwa majivu. Akaruka. Alama juu! Vigelegele! Mama Nyati akalia kwa furaha.

Fuko akachungulia. "Mnashangilia nini?"

"Kishindo ameruka!"

"Ameruka lini? Mimi huku chini sikusikia kitu."

Wakaendelea kupiga vigelegele.

Wakavuka. Komba akapita juu, tawi kwa tawi. Wengine wakalikanyaga tope, chwata, chwata. Tope halikuuliza alama. Lilitaka miguu isukume. Kishindo akatia mguu, ukazama. Akasukuma. Hautoki.

"Mama, miguu haiji."

"Sukuma, baba! Sukuma kama zamani!"

"Nguvu ya zamani siioni, mama."

Mama Nyati akarudi mbio, akamsukuma kwa kichwa. Tope likafika mgongoni. Likafika shingoni. Likafika puani, palepale alipopakwa majivu. Kisha kimya.

Hata leo nyati akiona tope hulala humo, wala hainuki upesi. Watu husema anajipoza. Shangazi alisema anamtafuta mtoto.

Sikieni basi. Alama ya juu peke yake haisemi nguvu ya miguu. Tazameni pia mwili ambao miguu hiyo inauinua. Mtoto mzito akiruka kidogo, huenda amefanya kazi kubwa kuliko mwepesi aliyeruka sana. Wala mtoto asinyimwe chakula ili alama ipande.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeisikia ambebee mwenzake.

Nami, kesho yake asubuhi baada ya shangazi kunisimulia, niliamka mapema nikapika uji wa karanga. Saumu akasema, "Mama, leo tunapimwa tena." Nilimjazia bakuli, nikakaa mbele yake mpaka alipomaliza.