Ghala la Chifu Mwarandu

Asubuhi ile Chifu Mwarandu alipita nyumba kwa nyumba na amri moja: mtafiti wa chakula cha serikali akiuliza, kila mtu aseme amepata mahindi yake ya msaada, ingawa hakuna aliyepewa. Atakayesema vingine, asahau msaada ujao.

"Mimi nitasema tumepata, bwana chifu," alijibu Bi Mejumaa, mjane mwenye ulimi mwepesi. "Tena mlete kwangu kwanza, nikupambe."

Chifu akafurahi. Mtafiti alipofika na mizani yake, akapelekwa moja kwa moja kwa Bi Mejumaa. Majirani wakajaa uani.

"Mama, mahindi ya serikali mlipata?"

"Sote, gunia zima kila nyumba. Chifu wetu hana mfano."

Majirani wakainamisha vichwa. Chifu akatabasamu.

"Basi naomba nipime yaliyobaki," mtafiti akasema. "Takwimu za kuambiwa tu zimetuchosha."

Akachungulia jikoni. Hakuona hata punje.

Chifu akakohoa. "Watu hawa wanakula sana."

"Hatujayagusa, mwanangu," Bi Mejumaa akasema. "Nyumba zetu zina panya, na bwana chifu ana ghala la mabati. Tulimwomba atuwekee yote. Au sivyo, bwana chifu?"

Chifu akamtazama mtafiti, aliyekwisha kunyanyua mizani. Akikana, itabidi aseme mahindi yalikwenda wapi. Akaingiza mkono mfukoni polepole, akatoa ufunguo.

"Twendeni," Bi Mejumaa akawaambia majirani, akijifunga kanga. "Yakishapimwa, kila mtu abebe gunia lake. Panya tuliwamaliza jana."